Eda ya Mtu Aliye Hai

Mimi ni mtu wa hasira, na sijifichi. Ouma, mume wangu, dereva wa lori, alikuwa akisema hata maji nikiyateleka yanaogopa kuchelewa kuchemka. Basi nikikwambia kwamba mwaka wa sabini na saba, pale Jinja, nilimlilia mtu mpaka sauti ikanikauka, halafu nikaambiwa mtu mwenyewe yuko Mbale anakula matoke, utajua mwenyewe nilivyokuwa.

Mtu huyo aliitwa Zubairi, fundi cherehani. Tulikaa mlango kwa mlango nyuma ya maduka yaliyoachwa na Wahindi. Mimi nilikuwa nauza chai na mandazi barazani, na yeye anashona pembeni yangu. Sisi Wajaluo wa Ugenya, watu wa kanisa, na wao Waislamu. Mkewe Khainza alikuwa Mmasaba wa Mbale, mpole, mwenye sauti ndogo ya kukufanya uache kelele zako umsikilize. Alikuwa ndiyo kwanza ana mimba changa, na mtaa mzima nilijua mimi peke yangu, kwa sababu ni mimi aliyekuwa akiniomba ndimu.

Zubairi alikuwa beki. Jumapili alichezea timu ya mafundi kule Bugembe, na hata akitoka uwanjani alibaki beki. Ukimwonea mtu mbele yake, amekwisha kuingia katikati. Kondakta akimsukuma mama mzee, Zubairi huyo. Mtoto wangu nikimfinya sikio, Zubairi huyo, "Dada Wilkista, msikilize kwanza na yeye." Nikamwambia siku moja, "Shemeji, wewe utakuja kufa kwa ajili ya sikio la mtu mwingine." Akacheka. Mdomo huu wangu nao, wakati mwingine natamani ungeshonwa.

Wakati ule kila mtu mwenye bunduki alikuwa analinda kitu. Wanalinda nchi, wanalinda uchumi, wanalinda daraja la Nile, wanalinda bei ya sukari. Sisi tuliokuwa tunalindwa tulikuwa tunalala na viatu miguuni.

Basi wakamkamata Matia, mchuuzi wa Budondo, eti kauza sukari kwa magendo. Wakamweka mbele ya mahakama ya kijeshi, uwanjani, watu tukaitwa tutazame ili tujifunze. Afande mkubwa wa meza akamwuliza, "Una utetezi gani?" Matia alikuwa anatetemeka, hata jina lake lilimshinda. Afande akatutazama sisi, kwa dharau tu, akasema, "Nani iko na neno juu ya huyu mwizi?"

Lile ni swali la kunyamazia. Hata mbuzi angenyamaza. Zubairi akasimama.

"Afande, mimi ni fundi. Suruali aliyovaa nimemshonea mimi, na mifuko nimeitia mkono wangu. Angekuwa mlanguzi, Afande, angeniomba mifuko mikubwa. Huyu aliniambia nisihangaike na mifuko kabisa, hana cha kutia."

Watu wakacheka. Jamani, tulicheka! Uwanja mzima, watu ambao hatukuwa tumecheka tangu lini, tulicheka mpaka askari mmoja naye akageuka kando kuficha meno. Matia akachapwa viboko akaachiliwa. Lakini kile kicheko hakikusamehewa. Afande wa meza akauliza jina la fundi, akamnong'oneza wa pembeni, na sote tuliokuwa karibu tukaona.

Kesho yake asubuhi Zubairi hakuwepo. Viatu vyake vilikutwa ukingoni mwa Nile, chini ya daraja, pamoja na kofia yake ya kushona mwenyewe. Hakuna aliyeuliza maiti iko wapi. Siku zile maiti haikuwa sharti la matanga, watu walizika majina tu. Sheikh akasalisha swala ya jeneza la asiyekuwepo, Khainza akavaa nyeupe, akaingia ndani kukaa eda.

Na mimi nikalia. Wuololo! Nilitoka mbio kwetu nimejifunga leso kiunoni, nikazunguka nyumba ile nikimwita kwa majina yote, beki wa Bugembe, fundi wa maskini, mtetezi wa masikio ya watoto. Kwetu marehemu hasindikizwi kimyakimya. Wanawake wa Kiislamu wakanishika, "Dada, taratibu, unamtesa maiti." Nikawaambia kama anateswa na ateswe, alikuwa na haraka gani ya kusimama? Nikalia mpaka mtaa wa pili wakaja kuuliza nani kafa. Khainza alikuwa ananitazama kupitia pazia, na macho yake yalikuwa makavu. Nikadhani ni mshtuko.

Tukiwa bado kwenye matanga, gari la jeshi likasimama. Aliyeshuka alikuwa Afande Marjan, mtu mrefu, aliyehamishiwa Jinja majuzi tu. Alitumwa kumchukua Zubairi. Jina alikuwa nalo, sura hakuijua. Askari wake wakaja moja kwa moja mlangoni, na mimi, sijui nilipata wapi wazimu ule, nikajitandika kizingitini.

"Humu hamwingii! Humu kuna mwanamke wa eda! Mume mmekwisha kumtupa mtoni, sasa mnataka na nguo zake?"

Sauti ilikuwa imekwisha, ilitoka kama ya jogoo mgonjwa. Macho yalikuwa yamevimba. Afande Marjan aliniangalia, akaangalia viatu vile vimewekwa juu ya mkeka, akavua kofia.

"Eda ya nani?"

"Ya Zubairi, Afande."

Akawafokea askari wake watoke barazani na mabuti yao. Mwenyewe akarudi nyuma hatua kwa hatua, ameinamisha macho asije akamwona mjane. Hakuuliza nani kamwua. Katika jeshi lile hakuna aliyejua mwenzake kamwua nani, na kuuliza ilikuwa hatari hata kwake. Alidhani wenzake wamemtangulia. Akasema, "Inna lillahi," akaondoka.

Jioni, watu walipopungua, Khainza akaniita ndani. Akanishika mikono yote miwili.

"Dada, usipige kelele. Zubairi yuko Mbale kwa mama. Shemeji Ouma alimficha kwenye lori chini ya magunia ya pamba. Viatu niliweka mimi."

Nilikaa chini. Halafu nikasimama. Halafu nikakosa la kufanya nikakaa tena. Ouma! Ouma wangu, aliyekuwa ananitazama nikijitupa chini, akanipa maji ninywe ili niendelee!

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungejua, ungelia vile?"

"Nirudishie machozi yangu," nikamwambia. "Sitanii, Khainza. Yale yalikuwa machozi ya mtu aliyekufa. Mimi sina mengine."

Akaanza kulia yeye sasa, taratibu, mkono mdomoni, na mimi mjinga nikamkumbatia. Ouma nilimnyima chai kwa wiki nzima. Lakini usiku nikifikiri, niliona ukweli. Mlango ule haukulindwa na ujasiri wangu. Ulilindwa na ile sauti mbovu na macho yaliyovimba, na hivyo vyote havinunuliwi sokoni. Wao walijua kilio cha kweli ndicho kitakachosimama mlangoni, ndiyo maana wakaniachia nilie.

Mpango ulikuwa Khainza apotee kimya kimya baada ya muda, amfuate mumewe, wavuke mpaka kwenda Kenya. Afande Marjan akauharibu kwa wema. Alituma askari mmoja akae pale barazani mchana na usiku, "kumlinda mjane asisumbuliwe." Eti ulinzi! Akaleta sukari, akaleta sabuni. Sisi tuliokuwa tumejenga ukuta tukajikuta tumejifungia ndani yake. Khainza akitoka, kavunja eda. Akivunja eda, watauliza mjane gani huyu asiyemheshimu mume, na wakianza kuuliza hawatakomea kwake. Watafika Mbale.

Halafu Afande akaanza kunywa chai kwangu. Alikuwa amefiwa na mke kwao Arua, alikuwa na upweke, na hakuwa mtu wa matusi, lazima niseme haki. Siku moja akaweka kikombe chini.

"Mama, ile eda ni miezi minne na siku kumi. Ikiisha, mimi nitaongea na wali yake, mtu wa kuozesha yeye. Kwa heshima. Mwanamke kama yule hawezi kukaa bila mtu wa kutetea yeye."

Nilimwaga chai. Nikasingizia birika.

Tulipompelekea Khainza habari hiyo, akashika tumbo lake. "Mwambie nina mimba. Mjane mwenye mimba eda yake haina miezi, inaisha akijifungua. Hiyo ni sheria, na yeye ataijua." Kweli, nilipomwambia, Afande akatikisa kichwa. "Ndiyo sheria," akasema, na akaongeza maziwa kwenye ile sukari. Basi mtoto yule kabla hajazaliwa akawa ndiye askari wetu. Alimlinda mama yake kuliko yule wa barazani mwenye bunduki, na alifanya hivyo kwa kulala tu.

Lakini mtoto hakai tumboni milele. Mwezi wa mwisho nikaenda kwa Afande, nikamwomba Khainza akazalie kwa mama yake, mimba ya kwanza hiyo, jamani, msichana anaogopa. Nilitaka kibali tu cha vizuizi vya barabarani. Akachukua kofia yake.

"Barabara mbaya. Nitapeleka mimi mwenyewe. Na huko nitasalimia wali."

Hatukuwa na njia ya kutuma habari. Ouma alikuwa safarini Mombasa. Tukaingia gari la jeshi, mimi na Khainza nyuma, Afande mbele, tukapita Iganga, tukapita Tororo. Kila kizuizi askari wanapiga saluti. Nilikuwa nasali kwa Nyasaye wangu na Khainza kwa Mungu wake, midomo yetu inacheza, wala hatutazamani. Wali wake alikuwa kaka yake, Faraj. Nilijiambia, Faraj atakuwepo, Zubairi atasikia gari la jeshi atajificha, mambo yatakwenda.

Mambo hayakwenda. Faraj alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Lwakhakha, mpakani, kutafuta njia ya kuvukia. Na Zubairi hakujificha. Tulipokata kona ya mwisho, mlima Masaba uko mbele yetu, nikamwona amesimama uani katikati, anatazama gari lililomleta mke wake. Alikuwa amekonda, ana ndevu. Alishaona tumbo la Khainza kupitia dirisha, na miguu yake ikagoma kukimbia.

Afande akashuka. "Salaam aleikum. Wewe ni nani?"

Aliyejibu ni mama yake Khainza, mzee Nabifo, aliyekuwa mlangoni na ungo. Hata ungo hakuuweka chini.

"Huyo mwanangu Faraj, Afande. Kaka yake huyu. Karibu, karibu ndani. Faraj, mbona unamtumbulia mgeni macho? Leta viti."

Na Zubairi akaleta viti.

Sisi wanawake tukaingia chumbani, pazia likashuka. Khainza hakulala, alikaa ameegemea ukuta karibu kabisa na pazia, na mimi pembeni yake. Tulisikia kila neno. Afande alianza vizuri, akataja baba yake na babu yake, akataja mahari. Akasema anamtaka Khainza kwa ndoa, akishajifungua. Zubairi alikuwa anajibu "ndiyo" na "naam" kwa sauti nisiyoijua. Alikuwa anaposwa mke wake mwenyewe, na anakaribisha mgeni anywe uji.

Halafu Afande akasogeza kiti.

"Lakini nataka kujua kitu moja. Yule shemeji yako, Zubairi. Mimi sikuona yeye. Wanasema alisimama mbele ya jeshi, akachekesha watu. Familia ya hapa ilipenda yeye? Kwa sababu mimi siwezi kuoa ndani ya nyumba inaweka kumbukumbu ya adui. Wewe unasema nini juu yake?"

Namjua mtu yule. Kwa Matia, mchuuzi asiyekuwa ndugu yake, alisimama mbele ya uwanja mzima. Sasa anaulizwa juu yake mwenyewe, juu ya jambo jema kuliko yote aliyowahi kufanya. Nilisema moyoni, amekwisha, atasema, atafanya mzaha wake, na sote tutakwenda mtoni. Khainza alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaingia.

"Zubairi?" ile sauti ikasema. "Alikuwa mtu mpumbavu, Afande. Mdomo tu. Alimtetea mwizi ili watu wamsifu. Mke ana mimba nyumbani, yeye anatafuta vicheko. Mimi nilimkataa tangu siku ya posa."

"Hivyo?"

"Afadhali alikufa. Dada yangu amepumzika."

Khainza akafumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti yoyote, yakafika kidevuni, yakadondokea lile tumbo. Mimi nilitaka kutoka nimpige mtu, sijui nani. Huko nje Afande akacheka, akampiga bega Zubairi, akamwita shemeji. Wakakubaliana aje baada ya arobaini ya mtoto. Akamwachia noti za kununulia nepi, akapanda gari lake, akaondoka na heshima zake zote.

Zubairi hakuingia ndani mpaka jua lilipozama. Alipoingia, Khainza alimtandikia mikono, na yeye akaweka kichwa pajani mwake. Mzee Nabifo akamwambia, "Umetuokoa, mwanangu." Akajibu, "Ndiyo, mayi," kama vile alivyokuwa anamjibu Afande.

Mtoto alizaliwa wiki ile, mvulana. Hatukungoja arobaini. Faraj alituvusha Lwakhakha, mtoto mgongoni mwangu kwa sababu mama yake hakuwa na nguvu. Ouma alitukuta Bungoma, akiwa na mtoto wetu. Sufuria zangu zote zilibaki Jinja, na birika la shaba alilonipa mama yangu, na mpaka leo nikikumbuka natukana. Lakini tulikuwa wazima.

Tukaanza upya pale soko la Bungoma, chai yangu na cherehani yake, pembeni kwa pembeni kama zamani. Serikali ile ilianguka, tukasikia redioni, watu wakacheza barabarani. Zubairi alitabasamu, akaendelea kutia uzi kwenye sindano. Nilidhani ni uchovu, atarudi. Vijana wa soko wakamwita akacheze beki Jumapili. Akasema goti linauma.

Siku moja kanjo, askari wa baraza la mji, wakaja. Walimkamata mama mmoja mzee, muuza mboga, wakamwaga kapu lake matopeni wakidai kazuia njia. Mzee mwenyewe hana jino. Anainama kuokota, wanakanyaga. Watu wamesimama wanatazama. Mimi nikageuka kwa Zubairi. Nilingoja. Kweli kabisa, niliacha chapati iungue, nikamngojea asimame.

Aliinamisha kichwa, mguu ukaendelea kukanyaga cherehani. Hakukuwa na nguo chini ya sindano. Nilitazama vizuri, hakukuwa na nguo.

Nikaenda mimi. Na sijui lilinitoka wapi, nikasikia mdomo wangu unasema, "Ninyi wanangu, mtazameni huyu mama nguo yake! Ina mfuko? Angekuwa analiibia baraza la mji, si angeshonesha mfuko?" Soko likacheka. Kanjo mmoja naye akacheka, wakaona aibu, wakamwachia na kapu lake.

Nilirudi nahema, nina furaha ya kijinga, nikitaka anicheke na yeye. Zubairi alikuwa amesimamisha mguu. Uso wake ulikuwa umelowa, wala haufuti.

"Shemeji," nikamwambia, "maneno yako hayo, nimeyaazima tu. Njoo uyachukue."

Akatikisa kichwa, polepole.

"Dada Wilkista," akasema, "yale machozi yako ya Jinja usiyadai tena. Yalikuwa ya haki."

Kisha akachukua suruali ya mtu iliyokuwa ikingoja, akaiweka chini ya sindano, akaanza kushona.